Hata kwenye treni ya mizigo mna watu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Baada ya treni ya umeme kuanza, je, reli sasa ni salama kuliko barabara?" Nimelisoma swali hilo asubuhi nikiwa safarini, nikalisoma tena mchana, na jioni hii nimeona nisipoandika usingizi hautakuja. Jibu langu la kwanza ni hapana, na sababu yake sidhani kama ndiyo mliyokuwa mnaitarajia.

Mnauliza habari ya abiria. Kila anayezungumzia usalama wa reli katika nchi hii anazungumzia abiria: tiketi yake, kiti chake, atafika au hatafika. Mimi nimezaliwa kwenye kota za reli Morogoro. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, na katika maisha yangu yote ya utotoni sikuwahi kusikia mtu wa nje ya kota akiuliza kama treni ya mizigo ni salama. Mizigo haina ndugu wa kuja kulia stesheni. Ila kwenye treni ile ile ya mizigo kuna dereva, kuna msaidizi wake, na huko nyuma kabisa, kwenye behewa la mwisho, zama zile alikuwapo gadi. Hao wana ndugu.

Wengi mnaikumbuka Igandu. Kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa: tarehe 24 Juni 2002, siku ya Jumatatu, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilikuwa inapanda kuelekea Dodoma, huko kati ya Msagali na Igandu. Ikapata hitilafu ya breki. Ikaanza kurudi nyuma kuteremka mlima, ikashika kasi ambayo hakuna aliyeweza kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hakuna ajali ya treni katika historia ya nchi yetu iliyochukua watu wengi kama hiyo.

Sasa rudieni kusoma maelezo hayo jinsi yanavyosemwa kila mwaka Juni ikifika. "Ikagongana na treni ya mizigo." Halafu msimuliaji anarudi kwa abiria na hatoki tena huko. Treni ya mizigo imewekwa kwenye masimulizi kama ukuta uliokuwa umesimama pale, gari likaja likaugonga. Hicho ndicho kilichonichoma niliposoma swali lenu.

Siku ile nilikuwa likizo, kidato cha pili. Baba alikuwa ameondoka Jumapili jioni na treni ya mizigo ya kwenda Dodoma. Mama alikuwa amemfungia chakula chake cha njiani kama kawaida: unga, dagaa, vitunguu, chumvi kwenye kikaratasi, na kisufuria kidogo, kwa sababu safari ya mizigo haina saa. Unaweza kuambiwa unafika kesho asubuhi ukafika keshokutwa usiku. Treni ya mizigo inasimama kupisha abiria, inasimama kupisha injini, inasimama kupisha mizigo mingine, na gadi anapika kando ya reli.

Habari ilianza kufika kwa maneno ya watu waliotoka stesheni, kisha redio ikathibitisha. Sisi watoto tulikuwa barazani kwa jirani mwenye redio kubwa. Walipotaja treni ya abiria, watu wazima walianza kulia, maana kila nyumba pale ilikuwa na mtu aliyesafiri au aliyekuwa na mgeni anayesafiri. Nikamwangalia mama. Alikuwa hajalia. Alikuwa anasubiri sentensi iendelee. Ilipofika kwenye treni ya mizigo, akakaa chini, pale pale kwenye saruji, akavuta khanga yake kichwani.

Hebu fikirieni mpangilio wake. Treni ya abiria imerudi nyuma. Kwa hiyo iliyogongwa ilikuwa nyuma yake. Na baba alikuwa ameondoka Morogoro kwenda upande huo huo. Mama hakuwa amesoma sana, lakini mke wa gadi anaijua njia ya reli kwa moyo. Akaanza kuzitaja stesheni kwa sauti ndogo, Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, akipiga hesabu ya mumewe angekuwa wapi saa zile. Akimaliza, anaanza tena. Kila akihesabu, baba anaangukia pale pale.

Tulikwenda stesheni. Simu za mkononi zilikuwapo mjini kwa wenye uwezo, kwenye kota yetu sikumbuki aliyekuwa nayo. Habari za reli zilipita kwenye simu ya reli, na simu yenyewe siku hiyo ilikuwa na kazi za kufa na kupona. Stesheni masta alikuwa mtu mwema. Alimwona mama, akamwambia, "Shemeji, sina jina hata moja. Nikipata nitakuja mwenyewe." Akarudi ndani. Wanawake wa kota tulikuwa tumejaa pale nje, chini ya mwembe, na walikuwa wa aina mbili ambazo hakuna aliyezitaja, ila zilikuwa zinajulikana. Waliokuwa na ndugu kwenye abiria walikuwa wakifarijiwa na kila mtu, hata wapita njia. Waliokuwa na waume kwenye treni za mizigo walikuwa wamekaa peke yao. Hakuna aliyewatenga, wala simlaumu mtu yeyote. Ni kwamba hakuna aliyejua awaambie nini. Mtu aliyekuja kutoa pole aliuliza, "Nani wako alikuwa anasafiri?" Mama akajibu, "Hasafiri, anafanya kazi." Yule mtu akasema, "Basi afadhali," akapita.

Neno hilo, afadhali, mama aliishi nalo miaka mingi.

Jua lilipokuwa linazama stesheni masta akatoka. Alikuja moja kwa moja kwa mama. Treni ya baba ilikuwa imeshikiliwa Kilosa tangu usiku kwa sababu injini ilikataa. Iliyokuwa mbele ni treni nyingine ya mizigo. Gadi mzima, ameomba nyumbani waambiwe. Nilitaka kupiga kelele za furaha, mama akanishika mkono kwa nguvu. Pembeni yake alikuwa amekaa mke wa dereva mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye alikuwa bado hajaambiwa kitu. Mama hakushukuru kwa sauti. Hakuinuka. Alibaki amekaa naye mpaka usiku, wakarudi nyumbani pamoja, wakalala chumba kimoja, na asubuhi ndipo habari ilipokuja kwamba yule dereva naye alikuwa salama Dodoma. Hapo ndipo mama yangu alipolia. Alilia mpaka tukaogopa.

Baba alirudi baada ya siku kadhaa. Hakusimulia. Alikalia mkeka barazani, akafungua lile sanduku la gadi la bati, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja: bendera nyekundu, bendera ya kijani, taa ya mkono, kitabu cha safari, na vile visahani vya fataki za reli. Nikakaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza akanifundisha kazi yake. Treni ikikimbia, alisema, gadi ni mtu wa kuangalia tu. Treni ikisimama katikati ya stesheni mbili, hapo ndipo kazi inapoanza. Anakaza breki za mikono, anatembea nyuma kwa miguu, gizani au mvuani, anatega fataki juu ya reli ili dereva wa treni inayokuja asikie mlio na ashike breki kabla hajaona chochote. Akanieleza kuhusu taa ya mkia: kwa nini stesheni masta hutoka nje kila treni inapopita na kutazama behewa la mwisho, kwa sababu treni iliyoingia bila mkia wake imeacha mabehewa njiani, na njia hiyo haiwezi kupewa mtu mwingine.

Nikamuuliza, kama kuna mambo yote hayo, imekuwaje? Akasema, "Treni inayorudi nyuma haiombi njia."

Najua nimekaa sana kwenye siku hiyo moja, na mhariri anaweza kunipunguza akitaka. Lakini naomba asiiondoe sehemu ya mwembe.

Maana miaka ikapita na jambo lile likaonekana tena, safari hii bila abiria kabisa. Machi 2020, mkoani Tanga, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo na wafanyakazi watano wa reli wakafa. Watano, wote kazini. Zilikuwa ndizo siku ambazo korona imetangazwa kuingia nchini, watu walikuwa wanatafuta barakoa na ndimu, na habari ile ilidumu muda mfupi mno. Muulizeni leo mtu yeyote mtaani kuhusu Igandu, atajibu. Muulizeni kuhusu kiberenge cha Tanga. Kwa asiyejua, kiberenge ni kile kigari kidogo cha relini ambacho mafundi, wakaguzi na wahandisi hutumia kufika mahali ambapo gari la barabara halifiki. Hakina uzito wala ukuta wa kukuokoa. Kinachomlinda aliyemo ni neno moja tu, kwamba njia ni yake kwa muda ule na hakuna mwingine aliyepewa.

Wala msidhani ni umaskini wetu tu. Tarehe hiyo hiyo ya 24 Juni, miaka kumi kamili baada ya Igandu, mwaka 2012, treni mbili za mizigo za kampuni ya Union Pacific ziligongana uso kwa uso karibu na mji wa Goodwell, jimbo la Oklahoma, Marekani. Wafanyakazi watatu walikufa, mmoja alinusurika kwa kuruka. Wachunguzi wa kule walikuta kwamba dereva wa treni moja alikuwa na matatizo makubwa ya macho, akazipita taa zilizomtaka apunguze na asimame. Sheria ya kuweka mitambo inayofunga breki yenyewe dereva akipita taa nyekundu ilikuwa imeshapitishwa Marekani tangu 2008, na ilipitishwa baada ya ajali ya Chatsworth, California, ambamo treni ya abiria iligongana na ya mizigo wakafa watu 25. Sheria ipo, ila kwenye njia ile ya Goodwell mitambo ilikuwa bado haijafungwa. Mpaka ifungwe kwenye njia zote zilizotakiwa, mwaka 2020 ulikuwa unaisha.

Nilipofika hapa niliinuka, nikanywa maji, nikarudi kusoma nilichoandika. Na lazima niseme kuna kitu kimelegea ndani yangu tangu nilipoandika ile hapana ya mwanzo.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, kila ajali niliyoitaja ilichunguzwa mpaka hatua iliyokosekana ikaonekana, au angalau inaweza kuulizwa: breki ilikuwaje, nani alikuwa na njia, taa ilisemaje. Baba hakuwahi kuichukia reli. Mpaka anastaafu alikuwa akisema barabarani kila dereva ni sheria yake mwenyewe, lakini relini hakuna mtu anayesogea bila mwenzake wa stesheni ya mbele kukubali. Na hii treni ya umeme iliyozinduliwa Agosti 2024 imejengwa na mfumo wa ishara unaomwangalia dereva wakati wote na kuisimamisha treni yenyewe ikibidi. Mtoto wa dada yangu amepata nafasi chuo cha reli Tabora, ananisubiri nimwambie kitu, na mwanzoni mwa wiki nilikuwa nimeazimia kumwambia atafute kazi nyingine. Sitamwambia hivyo. Nitamwambia aende, na kwamba siku atakayoharakishwa kuruka hatua akatae, hata kama anayemharakisha ana cheo.

Kwa hiyo mkihesabu majibu, nihesabuni kwenye ndiyo. Ningempandisha mama yangu treni kabla sijampandisha basi la usiku, na nimeshafanya hivyo. Lakini ndiyo yangu ni ya abiria, na ni ya reli mpya. Reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, bado inafanya kazi, bado ina treni za mizigo, magengi ya kuganga mataruma yale yanayolala chini ya reli, viberenge, na watu wanaotembea nyuma ya treni usiku na taa mkononi. Kuhusu hao hamkuuliza, nami sina ndiyo ya kuwapa mpaka nione, siku treni zikigongana, taarifa ya kwanza inataja pia majina ya waliokuwa kazini.

Msomaji, Kihonda, Morogoro