Kipimo cha siku ya tano hakijajibu swali lako

Shangazi, mimi ni mkulima wa korosho wa Newala, nina miaka 31. Usiku wa tarehe 2 Novemba, baada ya kupokea malipo ya korosho, nililala bila kinga na mwanamke niliyekutana naye Mtwara mjini. Tarehe 7 nilipima VVU nikaambiwa sina. Sina dalili yoyote, lakini sina amani. Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita, na tangu siku ile namkwepa kwa kusingizia mgongo. Je, majibu yale yanatosha?

Mwanangu, hayatoshi. Majibu yale ni ya kweli, ila yanaeleza maisha yako ya kabla ya usiku ule. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakitafuti virusi vyenyewe, bali kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa, na mwili huhitaji wiki kadhaa kuzitengeneza kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo pima tena katikati ya Desemba, ambapo maambukizi mengi huwa yameanza kuonekana, kisha upime mara ya mwisho tarehe 31 Januari, siku ya 90. Laiti ungefika kituo cha afya ndani ya saa 72, ungeweza kupewa dawa kinga za kumeza kwa siku 28. Ulipokwenda kupima, muda huo ulikuwa umekwisha.

Umeuliza VVU peke yake, kama wengi wanaoniandikia, na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki moja kwa usaha na maumivu wakati wa kukojoa, lakini kinaweza kukaa kimya, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hukaa kimya mara nyingi zaidi. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 90, ambacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini. Nenda wiki hii ukamweleze mhudumu habari yote pamoja na tarehe, upimwe magonjwa hayo, na kipimo cha kaswende kirudiwe Januari. Ukiona haya kukutana na jirani kwenye foleni ya Newala, nenda Masasi, au hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara mjini. Usinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha, kwa sababu dozi isiyo sahihi inaweza kufifisha dalili bila kutibu.

Sasa mkeo. Hata kama alipimwa alipoanza kliniki, majibu yake hayawezi kueleza kitu ambacho wewe ungemletea Novemba, na VVU na kaswende vyote humfikia mtoto tumboni. Mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno, hivyo kujizuia kwako ni sahihi, ingawa kisingizio cha mgongo hakitafika Januari. Mama mjamzito si mjinga. Mimi ningekushauri umwambie mapema, ukiwa na tarehe za vipimo mkononi, na muende kliniki pamoja ili mkunga ajue na amrudie vipimo kabla hajajifungua. Atakasirika, na ana haki. Ukishindwa kusema peke yako, mwombe mshauri wa kituo awe nanyi chumbani siku hiyo.