Kwa mwanasaikolojia ni kupiga stori tu?

SWALI: Shikamoo anti. Mdogo wangu ana miaka 27, anaendesha bajaji huku Tanga. Mwaka jana aliambiwa ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi halafu kuzama kwenye huzuni, anakunywa dawa ya lithiamu. Sasa daktari anataka awe anaenda kwa mwanasaikolojia, mama anasema hela ya kwenda kupiga stori itoke wapi. Na mwenyewe anauliza akianza hayo maongezi si anaacha dawa?
Dada Mtu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La dawa kwanza, haachi. Maongezi yanakaa juu ya dawa, hayakai mahali pake.

Haya sasa mama na stori zake. Kule Barcelona, Hispania, walichukua wagonjwa 120 wa baipola, wote wako kwenye dawa, nusu wakafundishwa ugonjwa wao kwa vikao 21, dalili zake, dawa, usingizi, nusu wakakutanishwa mara 21 hizohizo lakini wanakaa tu wanaongea, yaani stori za mama kabisa. Majibu yalitoka 2003, waliofundishwa ndo waliorudiwa na ugonjwa kidogo zaidi. Kwa hiyo stori tupu kweli hazitoshi, hapo mama yuko sahihi, ila hicho sicho anachoitiwa mwanae.

Kwa dereva bajaji mimi ningeomba waanze na ile tiba ya mpangilio wa siku, ya mwanasaikolojia Ellen Frank wa Pittsburgh, Marekani. Ni daftari tu, anaandika katoka kitandani saa ngapi, kaonana na mtu wa kwanza saa ngapi, kaanza kazi, kala cha usiku, kalala. Basi. Halafu wanalisoma pamoja, unakuta Jumatatu kalala saa nne usiku, Alhamisi saa sita, Ijumaa kabeba watu wa harusi kalala saa kumi alfajiri, Jumamosi hajalala kabisa na wala hachoki, anaongea haraka haraka anataka akope anunue bajaji ya pili!! Hapo ugonjwa unapanda, mpigie daktari siku hiyohiyo, usisubiri kliniki. (Na jua la Tanga hilo anywe maji, lithiamu na kukaukiwa mwili haviendani.)

Wiki zote hela hamna? Mwambieni mtaalamu wazi, muulizeni kama mnaweza kwenda kila baada ya wiki mbili, daftari liwe linaendelea nyumbani. Na kikao kimoja mwende na mama, maana kijana akichangamka kidogo tu anaulizwa "leo umemeza dawa wewe?" mbele ya wageni, na hilo nalo lina namna yake ya kuulizwa.