Barua kwa mwanangu: mawakala wa London wamekaa kimya

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku baba yako ameshalala, nikaona WhatsApp haitatosha, acha nikuandikie vizuri. Unasema riwaya umeipeleka kwa mawakala wa London, wale wanaowatafutia waandishi wachapishaji. Wawili hawajasema lolote. Mmoja aliomba mswada mzima tangu Juni, na hadi leo Septemba inakwisha, kimya. Unauliza uwapigie simu?

Simu usipige. Na mjomba wako wa Reading, mji ulio karibu na London, aliyejitolea kupita ofisini kwao akawasalimie, mwambie mama amekataa.

Najua ulikolelewa. Kwetu faili lisilofuatiliwa hulala. Nilipokuwa mhariri, mwandishi aliyekuja ofisini, akakaa, akaulizia hali ya watoto, ndiye ambaye mswada wake ulichomolewa chini ya rundo ukaja juu. Sikuona vibaya, na isitoshe hapa mwandishi anamwendea mchapishaji mwenyewe, hakuna mtu wa kati. Kule wachapishaji wakubwa wengi hawagusi mswada usiopitia kwa wakala, kwa hiyo mafuriko yote yanaishia kwa mawakala. Na mchana wao ni wa waandishi walio nao tayari: mikataba, wahariri, malipo yaliyochelewa. Kazi za wageni wengi wao huzisoma jioni na mwisho wa wiki. Ukimpigia mchana kumuuliza kama ameshasoma, umemkuta mahali pabaya.

Hao wawili walio kimya uliwapelekea barua, muhtasari na sura za mwanzo tu. Rudi kwenye maelekezo yao usome tena, maana wengi huandika wanachukua muda gani, mara nyingi wiki 6 hadi 12. Wengine husema wazi kwamba muda huo ukipita bila jibu, ujue ni hapana. Aliyeandika hivyo mfute kwenye orodha, usimkumbushe. Ambaye hakuandika, na muda umepita, mwandikie mara moja. Asipojibu, peleka kwingine.

Aliyeomba mswada mzima ni habari nyingine kabisa. Huyo ameonja akataka zaidi, na si wengi wanaoombwa hivyo. Miezi mitatu ni muda wa kutosha kumngojea, ingawa Agosti usiihesabu sana, kule watu huwa likizo. Ila angalia kalenda: maonyesho ya vitabu ya Frankfurt huwa katikati ya Oktoba, na siku za karibu na hapo mawakala wako mbio na wachapishaji wa nje. Ama umwandikie wiki hii, ama ungoje Novemba. Mimi ningeandika wiki hii.

Jibu kwenye barua pepe ile ile aliyokuombea mswada, usianzishe mpya, aone mazungumzo yote hapo chini. Kitu kama hiki, kwa Kiingereza chako:

"Mpendwa Fulani, mwezi Juni uliniomba mswada kamili wa riwaya yangu. Naulizia kama umepata nafasi ya kuusoma. Bado haujachukuliwa na mtu mwingine, nami nitafurahi kusikia maoni yako utakapokuwa tayari."

Basi. Usiombe radhi kwa usumbufu, usisimulie ulivyokesha ukiandika. Na tafadhali usiambatanishe toleo jipya. Nakujua, hiyo sura ya nne bado unaichokonoa. Mtu aliyefika katikati ya mswada akipokea mwingine, anaweka yote miwili pembeni.

Kuna taarifa moja tu inayomfanya wakala aache vyote akasome: wakala mwenzake amekubali kukuwakilisha. Likitokea hilo, usimjibu yule papo hapo. Waandikie wote walio na kazi yako, hata hao walio kimya, uwape kama wiki mbili waseme neno. Rafiki yako anayekushauri ujifanye umeshapata, mpuuze. Hao watu wanajuana, na swali la kwanza litakuwa "nani amekupa?" Utamtaja nani?

Halafu, akitokea mtu akakuandikia yeye mwenyewe, akaisifu riwaya mpaka ukaona haya, kisha akataka ada ya kusoma au ya kuhariri, usitume hata senti. Hata kama ametumia jina la wakala unayemfahamu, maana matapeli wa siku hizi huyaazima. Wakala wa kweli anakula kamisheni kitabu kikiuzwa, kwa kawaida asilimia 15 kwa mauzo ya nchini kwake na 20 kwa ya nje. Kabla ya hapo hakudai kitu.

Ukishaandika hiyo barua nitumie niione kwanza. Baba yako anauliza kama ile sura ya msiba wa babu umeiacha humo. Nimemwambia akuulize mwenyewe, lakini anaogopa jibu.

Mama yako