Pedeli nimeipandisha mezani

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Swali la wiki mmeuliza, "Kazi gani ya mikono umegoma kuiacha pamoja na maradhi, na umeipangaje upya?" Yangu ni kwilti, yaani yale mablanketi ya viraka, nashona mpaka leo nikiwa kwenye kiti mwendo na vidole vimepinda, na kwa kuwa mmeuliza na habari ya kupanga upya basi nitaeleza kwa urefu maana hapo ndo penye kazi, kugoma peke yake hakushoni kitu.

Mie niko Tanga, Ngamiani, na ninachoshona sana ni kwilti za khanga kuukuu. Mtu anafiwa na mama yake, anabaki na khanga za marehemu kabatini, kuzigawa hawezi, kuzivaa hawezi, ananiletea mie. Nazitenganisha, pindo huku, mji huku, na jina nalitoa lote zima bila kulikata katikati maana yale maneno marehemu aliyachagua mwenyewe dukani kwa sababu zake, alafu napanga na kupanga mpaka inatoka blanketi moja ambalo watoto wanaweza kujifunika. Kazi ya hivyo huwezi kumwambia mtu peleka kwa fundi mwingine. Ameniamini na nguo za mama yake.

Ugonjwa wangu ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili wenyewe, sio ile ya kusagika viungo uzeeni, ingawa zahanati niliyoanzia waliniambia ni umri tu nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi nyumbani, na ndo miaka ikapotea hapo. Naomba kila mama aijue dalili hii: asubuhi unaamka viungo vimekakamaa na vinakaa hivyo saa nzima au zaidi kabla havijalegea, na uvimbe unakuja kulia na kushoto pamoja, vifundo vya vidole, vifundo vya mikono, magoti, nyayo. Ukiona hivyo usikubali kuambiwa ni baridi ya pwani au umechoka, dai upelekwe kwa daktari wa viungo mapema, maana dawa za kuzuia viungo visiharibike zipo na zinafanya kazi vizuri zaidi kabla havijaharibika. Mie vyangu vingine vilishaharibika. Ndani natembelea fremu, nje kiti mwendo.

Sasa watu wakikuona hivyo neno la kwanza ni pumzika. Binti yangu, wifi yangu, majirani, hata mteja anayeleta kazi anaanza na "mama pumzika kwanza". Wanasema kwa mapenzi, najua, ila mnaouguza naomba mnisikilize. Mtu mwenye ugonjwa huu akikalishwa tu viungo vinazidi kukaza, misuli inapungua na moyo nao unaingia giza. Siku viungo vimevimba vina moto nalala kweli, sishiki hata pini, lakini zikipita nataka sindano yangu. Binti yangu alifika mahali akataka cherehani iuzwe ili isinitie tamaa, tukakaa chini tukaongea, nikamwambia mwanangu usiniondolee mashine, niondolee zile ngazi pale mlangoni, na Mungu ambariki aliita fundi zikavunjwa ikamwagwa zege la mteremko, sasa natoka na kuingia na kiti changu na mabaki ya vitambaa naenda kuyachukua mwenyewe kwa mafundi wa barazani.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba kazi. Wasomaji wengi labda hamjaisikia kada hii, ila ipo, na hapa Tanzania wanasomeshwa pale hospitali ya KCMC Moshi. Madaktari walikuwa wananiuliza maumivu yakoje, huyu akaniuliza ukiamka unafanya nini kwa mikono, akataka nimuonyeshe ninavyoshika mkasi, ninavyosukuma kitambaa, ninavyokaa. Alichonifundisha ni kwamba kazi ya kiungo kidogo ihamishie kiungo kikubwa. Unachobeba kwa vidole kibebe kwa mkono mzima, unachosukuma kwa kidole gumba kisukume kwa kiganja au kwa kiwiko. Hilo moja ndo limenipangia chumba changu chote.

Cherehani yangu ni ya miguu, ile nyeusi ya chuma, na magoti ndo yalikuwa ya kwanza kukataa. Wengi wakifika hapo wanahamia cherehani ya mkono, lakini ile inataka mkono mmoja uzungushe na mwingine uongoze kitambaa, kwa mtu mwenye vifundo vya mikono vinavyouma ni kuhamisha mateso kutoka chini kuja juu. Fundi alitoa ule mkanda wa ngozi akafunga mota ya umeme pembeni ya kichwa, mota hizi zinauzwa maduka ya spea za cherehani na vichwa vya zamani vinazikubali vizuri tu. Mota inakuja na pedeli ya kukanyaga, na mie wa kukanyaga sina, kwahiyo pedeli nimeipandisha mezani upande wa kulia, seremala akaizungushia vibao isitembee, naikandamiza kwa kiwiko. Kiwiko hakina wepesi wa mguu, siku za mwanzo shona kwenye vitambaa vya kujaribia mpaka kijue kubonyeza kidogo kidogo, baadae kinazoea na mikono yote miwili inabaki huru kuongoza kazi. Huyo huyo seremala aliinyanyua meza miguu ili mikono ya kiti changu iingie chini yake, na urefu mzuri ni ule ambao ukikaa wima kiwiko kinalala juu ya meza bila kupandisha bega. Bega likipanda jioni shingo itakuambia.

Mkasi ndo adui mkubwa kuliko hata cherehani. Kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, vidole gumba vinaungua. Hapa khanga imenisaidia kwa sababu ni pamba na imefumwa nyuzi wima na ulalo, ukiikata alama ndogo pembeni unaichana na inachanika moja kwa moja kufuata uzi, ndo hata dukani wanavyoitenganisha doti. Kuchana kunataka nguvu ya kuvuta, hiyo kazi ya mjukuu wangu akitoka shule, mie naweka alama tu na kumwelekeza. Angalieni kitu kimoja, chapa ya khanga haifuati uzi kila mara, kwahiyo ukichana karibu na pindo lenye mistari unaweza kukuta mstari umepinda, sehemu kama hizo na zile za jina nakata kwa mkasi wa springi unaojifungua wenyewe, taratibu, kipande kimoja kimoja.

Halafu kuna uzito, ambao mtu mzima wa afya hauoni. Blanketi la kitanda kikubwa likishaunganishwa tabaka zote tatu linavuta mikono na mabega kila ukilisogeza chini ya sindano. Mie silibebi zima tena. Nashona miraba ya sentimita 40 kwa 40, kila mraba naumaliza wenyewe, juu, katikati na chini, nadarizi kabisa, alafu mwisho ndo naunganisha miraba kwa vipande vyembamba vya kufunika mshono. Mpaka siku ya kuunganisha kitu kizito hakijagusa mapaja yangu. Na katikati siweki ile sponji ya dukani, Tanga joto, naweka shuka kuukuu, jepesi, linafulika na kukauka haraka.

Umeme ukikatika, au siku mgongo hautaki meza, nashona kwa mkono mapajani, na hapa nina habari ambayo ilinifurahisha sana. Huko Karnataka, India, kuna watu wanaitwa Wasidi, asili yao Afrika, mababu zao walivushwa bahari ya Hindi karne na karne, wengi utumwani, na wengine walitokea huku huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka wanayaita kawandi. Hawatumii fremu ya kuwambia kitambaa wala cherehani. Wanaanza pembeni kabisa wanazunguka kuingia ndani mpaka wanafika katikati, kiraka kinakunjwa ukingo hapo hapo na kupigwa bandi moja kwa moja kwenye kitambaa cha chini, mistari ya bandi ndo inashika kila kitu, na pembeni kabisa kwenye kona wanaweka viraka vidogo vilivyokunjwa kama ua. Mpwa wangu ndo alinionyesha kwenye simu, nikamwambia rudisha, rudisha tena. Kwa mtu kama mie ni mtindo uliokaa vizuri mno, hupimi sana, hukati sawasawa, hupigi pasi, na kazi inakaa mapajani imetulia. Nikafikiri hao mabibi wametoka pwani hizi hizi na mikono yao haikuacha, nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Ratiba nayo inafuata mwili. Asubuhi sishoni, naloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, nafungua na kufunga vidole, nasubiri vilegee. Kazi ya sindano naianza jua limepanda. Nameza methotrexate, na hii dawa kwa ugonjwa wetu inamezwa siku moja tu kwa wiki, narudia siku moja kwa wiki, kuimeza kila siku ni hatari na imeshaua watu sehemu mbalimbali duniani, ndo maana siku yangu nimeiandika kwa maandishi makubwa kwenye kalenda ukutani na binti yangu anaijua. Kesho yake nakuwa mchovu na kichefuchefu, siku hiyo nimeitenga kwa kupanga rangi tu, natandaza viraka kitandani naangalia kipi kinakubaliana na kipi. Nikishona naweka simu initingishe kila baada ya dakika 20, naweka kazi chini hata kama mstari haujaisha, nanyoosha mikono. Hapo kwenye mstari usioisha ndo pagumu kwa mshonaji yeyote na nawaelewa.

Vidogo vidogo vingine: sindano ikikwama usiivute kwa ncha za vidole, kata kidole cha glavu ya mpira uvae, inashika yenyewe. Subana ya chuma ilikuwa inanibana kidole kikivimba, nimeshonewa ya ngozi. Uzi upitishe kwenye nta usijisokote, na sindano za siku nzima mjukuu anazitunga asubuhi zote anazichomeka kwenye mto. Pasi ya mkaa nimeiacha moja kwa moja, mshono naubonyeza kwa mgongo wa kijiko.

Kilichobaki kunitesa ni ile wenzo ya nyuma ya kichwa cha cherehani, ya kunyanyulia mguu unaokandamiza kitambaa. Ni fupi na ngumu, na kila kona ya kiraka lazima uinyanyue. Cherehani za viwandani zina ya kusukuma kwa goti, goti langu haliwezi, nataka ya kusukuma kwa kiganja kutoka mbele au angalau irefushwe. Kama kuna msomaji Tanga, Muheza au hata Korogwe anayemjua fundi wa kuchomelea aliyewahi kuifanya hiyo kwenye kichwa cha zamani, aandike hapa hapa kwenye ukurasa wa wasomaji, kila wiki nausoma, na mfano wa kipimo nimeshauchora.