Atakayeusoma mswada wako kwanza

Kabla mswada wa riwaya yako haujafika kwenye meza ya mhariri mkuu, kuna mtu mwingine atakayeusoma. Huenda jina lake usilijue kamwe. Ni msomaji wa miswada: anapewa kazi zilizoletwa, anaziandikia ripoti fupi, kisha anapendekeza ipi iendelee na ipi irudishwe. Nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu huku nikiandika riwaya zangu mwenyewe, na karibu kila ninachowaambia waandishi wanaotafuta kuchapishwa kwa mara ya kwanza nimekipata huko.

Wengi hudhani mtu huyo amewekwa pale ili awafukuze. Sivyo hata kidogo. Ana rundo la miswada mbele yake, jua limeshakuchwa, na hakuna furaha inayomzidi ile ya kufungua kazi ya mtu asiyemjua akajikuta amesahau kwamba yuko kazini. Anatamani uwe wewe. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutuma chochote ni hili: nini kitamzuia?

Mara nyingi ni kurasa za mwanzo. Mhusika anaamka, ananawa, anajitazama kwenye kioo ili tuelezwe sura yake. Halafu unafuata ukoo mzima, babu alitoka wapi, baba alimuoaje mama, na hadithi yenyewe inaanza sura ya tatu. Nimesoma miswada mizuri sana iliyofukiwa namna hiyo. Jaribu kumpa mtu asiyejua lolote kuhusu riwaya yako aanze kusoma sura ya pili, kisha msikilize anauliza nini. Asichokiuliza hakikuhitajika. Anachokiuliza kwa hamu, usikimbilie kumjibu. Hamu hiyo ndiyo itakayomfanya afungue ukurasa unaofuata.

Kingine ni mazungumzo. Funika majina ya wasemaji kwenye kurasa mbili tatu za majibizano, uone kama bado unamtambua anayesema. Wakisikika wote sawasawa, basi anayesema ni wewe tu. Methali nazo zina sehemu yake hapa. Naipenda methali kama mtu mwingine yeyote aliyelelewa na lugha hii, lakini kijana wa miaka ishirini anayejibu kila neno kwa methali si mtu, ni kitabu cha methali. Iache moja, mahali inapouma. Na mwisho wa sura, ukishika kalamu kutueleza tumejifunza nini, iweke chini. Msomaji ameshaelewa, na anapoelezwa mara ya pili huhisi kwamba hukumwamini.

Maliza riwaya yote kabla ya kutuma. Kitabu cha maarifa kinaweza kukubaliwa kwa pendekezo na sura chache, lakini riwaya ya mwandishi asiyejulikana karibu kila mara hutakiwa nzima, kwa sababu kuanza vizuri na kumaliza vizuri ni vipaji viwili tofauti. Urefu uhesabu kwa maneno, maana kurasa hubadilika kwa ukubwa wa herufi. Katika soko la Kiingereza riwaya ya watu wazima kwa kawaida huwa kati ya maneno 70,000 na 100,000. Nyingi za Kiswahili ni fupi kuliko hivyo, na hakuna sababu ya kuirefusha yako ili ionekane nzito. Ukishamaliza, uweke mswada kando kwa wiki kadhaa, kisha usome wote kwa sauti. Ulimi hujikwaa pale ambapo jicho limepita.

Usitume kwa kila mtu. Soma vitabu ambavyo mchapishaji ametoa karibuni, kwa sababu asiyetoa hadithi za upelelezi hataanza na yako. Kisha fuata maelekezo yake neno kwa neno. Wengi huomba barua fupi, muhtasari na sura tatu za mwanzo. Herufi za pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, kila ukurasa na nambari yake. Muhtasari ni lazima useme riwaya inaishaje. Najua inauma kuifichua siri uliyoijenga kwa kurasa mia mbili, lakini muhtasari unaosema “je, atafanikiwa?” humnyima msomaji wa miswada kitu anachokitafuta hasa, yaani uthibitisho kwamba unajua unakokwenda. Barua iseme riwaya inahusu nini, ina maneno mangapi, na wewe ni nani. Sifa ulizopewa na jamaa ziache nyumbani.

Hofu ya kuibiwa nimeiona ikiwafungia watu miswada kabatini kwa miaka. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, makubaliano ya kimataifa yanayolinda kazi za waandishi, hakimiliki huanza pale unapoandika, bila kusajili, na hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo chako. Wazo tupu halilindwi, maneno yako yanalindwa. Hatari ya kweli zaidi ni kupotea kwa mswada. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London nakala pekee ya riwaya yake ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono, ili ikapigwe taipu. Ililala huko miezi mingi, hadi mwenzake wa kazini alipokwenda kuiulizia. Weka nakala mahali pawili au zaidi, leo.

Majibu huchukua miezi. Anza riwaya nyingine. Barua ya kukataa yenye mistari miwili haina la kukufundisha, ipite. Yenye sababu isome polepole, kwa kuwa hakuna anayelipwa kukueleza alipokwama. Wasomaji wawili wasiojuana wakijikwaa mahali pamoja, pana kasoro, hata kama dawa wanazopendekeza zote mbili si sahihi. Dawa itafute mwenyewe.

Na asikuombe mtu pesa. Kujichapisha ni njia halali na ya heshima: unamlipa mhariri, msanifu na mpiga chapa, na kila haki inabaki kwako. Anayekuambia “tumeipenda sana riwaya yako” kisha akataja ada anaishi kwa fedha za waandishi, na hana haja ya kutafuta wanunuzi wa kitabu.

Siku ripoti ya msomaji itakapokuwa nzuri, utaletewa mkataba, na furaha itakusukuma utie saini usiku huohuo. Lala nao kwanza. Tazama mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, unahesabiwa kwa bei gani. Asilimia 10 ya bei ya jaladani si sawa na asilimia 10 ya fedha zinazomfikia mchapishaji. Duka likichukua punguzo la asilimia 40, ile ya pili inakuwa asilimia 6 tu ya bei anayolipa mnunuzi. Tazama haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti: kama mchapishaji hana mpango nazo, ziombe zibaki kwako. Hakimiliki yenyewe usiihamishe. Mpe ruhusa ya kuchapisha, kwa muda unaotajwa.

Kifungu ninachowasihi watu wakisome mara mbili ni kile cha kurudishiwa haki. Mikataba mingi ya zamani ilisema haki zinarudi kitabu kikiwa hakipatikani tena. Maneno hayo hayatoshi siku hizi, kwa sababu faili la kielektroniki haliwezi kwisha ghalani, na kitabu kisichonunuliwa na mtu kinaweza kuhesabiwa kuwa kinapatikana milele. Omba itajwe idadi: mauzo ya mwaka mzima yakishuka chini ya nakala kadhaa mlizokubaliana, unaandika barua, na haki zinarudi kwako ndani ya miezi iliyotajwa. Mchapishaji mwenye nia njema ataijadili idadi hiyo nawe bila kinyongo.