Uraibu Wangu ni Kuogelea

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa na kusomea Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa pili nafanya kazi Dar es Salaam. Juzi kazini tulitakiwa kila mmoja ajitambulishe mbele ya wageni. Nilipofika kwenye mambo ninayoyapenda nikasema, 'Uraibu wangu ni kuogelea na kusoma riwaya.' Watu wakatazamana. Baadaye dada mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeshapata msaada. Shuleni tulifundishwa kuwa uraibu ndilo neno sanifu la jambo analopenda mtu kulifanya akiwa na nafasi. Nilikosea? Na kama nilikosea, nisemeje? Tulipokuwa wadogo tulicheza kati, blada na bano, na neno lilikuwa moja tu: tunacheza. Sasa nimekuwa mtu mzima, naona sina neno."

Marahaba, mwanangu. Hukukosea, umekosewa. Na dada yule usimlaumu, maana alisikia Kiswahili ulichokisema, na alichokisikia kilimtisha. Kwa mtu wa Dar, uraibu ni pale mtu anaponaswa na kitu, akakitaka hata kinapomdhuru, akikikosa mwili unatetemeka. Wale wanaokwenda kunywa methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye heroini, kila siku pale Muhimbili, huduma iliyoanza mwaka 2011, ndio wanaoitwa waraibu. Unguja na Pemba kuna nyumba za upataji nafuu kwa ajili yao. Ukisimama mbele ya watu wenye picha hiyo kichwani ukatangaza kuwa uraibu wako ni kuogelea, umewaambia kwamba maji yamekushinda na unahitaji kushikwa mkono.

Barua hii nimeisubiri miaka mingi, kwa hiyo univumilie nimalize yaliyo moyoni.

Niliwahi kuombwa kupitia fomu za vijana walioomba ufadhili wa masomo. Ofisi sitaitaja. Aliyeitunga fomu ile alikuwa ameandika, kwenye mstari wa chini kabisa, "Taja uraibu wako." Wengi walijaza kama walivyokaririshwa: kusoma, kusafiri, kutazama filamu. Kijana mmoja, wa miaka kumi na tisa, aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: "Sina. Sivuti wala sinywi." Katika chumba kile kulikuwa na wasomi wanne waliocheka. Mimi sikucheka. Yule mtoto alijua Kiswahili kuliko aliyemuuliza, na nilihofia kwamba angekatwa alama kwa kukijua.

Uraibu ni nini hasa? Nitakuonyesha nilichokiona kwa macho yangu. Bibi yangu mzaa mama, Tanga, alikuwa na kijaluba cha shaba kilichong'aa pembeni kwa kushikwashikwa. Ndani mlikuwa na majani ya mtambuu, popoo iliyokwisha kukatwa vipande, chokaa, katu na tumbaku kidogo. Akichukua jani, analipangusa kwa kidole gumba, analipaka chokaa, anaongeza popoo na katu na chembe ya tumbaku, analikunja, analisukuma shavuni. Mgeni akimaliza kula, alikaribishwa uraibu, na hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Kilikuwa ni hicho, tambuu. Uraibu lilikuwa jina la kile kitafunwacho chenyewe, pamoja na tumbaku na jamaa zake.

Sasa siku popoo ikiisha, nyumba nzima ilijua. Bibi aliamka mkali, kichwa kinamgonga, chai haina ladha, na mimi ndiye niliyetumwa dukani mbio. Hapo unaona jinsi neno lilivyosafiri. Lilianza kwa kitu kinachotafunwa, likahamia kwenye hali ya mtu asiyeweza kukaa bila kitu hicho, na kutoka hapo likafika kwenye bangi, heroini, pombe na kamari. Ni safari iliyonyooka. Kila hatua imeshika mkono wa hatua iliyotangulia.

Haya, nionyeshe njia inayotoka kwenye kijaluba cha bibi hadi kwenye bwawa la kuogelea. Haipo. Tuitazame ile sentensi yako polepole. "Uraibu wangu ni kuogelea." Je, Jumatatu usipoogelea kichwa kinakuuma? Umewahi kuuza simu upate kiingilio cha bwawa? Mama yako analia usiku kwa sababu umerudi tena umelowa? Umejaribu kuacha, ukakaa nchi kavu wiki mbili, kisha ukamwona mwenzako amebeba taulo ukarudia? Kama majibu yote ni hapana, basi huna uraibu wa kuogelea. Unapenda kuogelea, na hilo ni jambo jema ambalo limepewa jina la ugonjwa. Na riwaya je? Huko kidogo naweza kukuamini, maana nimewaona watu wanaosoma hadi alfajiri wakaenda kazini macho mekundu. Lakini hata hao ukiwauliza hawakwambii kuwa ni waraibu. Wanakwambia kitabu kilikuwa kitamu.

Najua nitakayoambiwa na walimu wenzangu wa Kenya, ambao nawaheshimu kwa namna wanavyokibeba Kiswahili darasani: lugha hukua, maana hupanuka, na neno likikubaliwa na watu limekubalika. Nakubali yote matatu. Lakini gazeti lilelile la Nairobi linaandika ukurasa wa tatu kwamba uraibu wa kamari unabomoa familia, na kwenye ukurasa wa wanafunzi mtoto anaandika kwamba uraibu wake ni kusakata kabumbu. Msomaji afanye nini? Neno haliwezi kuwa kidonda ukurasa huu na pambo ukurasa ule. Tena kati ya maana hizo mbili, moja ina watu wanaoumia ndani yake. Anapotokea mzazi akasema kwa uchungu, "mwanangu ni mraibu," nataka neno hilo limfikie msikilizaji likiwa na uzito wake wote, bila mtu kudhani mtoto anakusanya stempu.

Wala sioni kwamba tulilazimika. Kosa limeanzia kwenye fomu. Fomu za kizungu zina mstari unaodai nomino moja, na sisi tukakimbilia kamusi kutafuta nomino ya kuujaza, tukaokota ya kwanza iliyokaribia. Kiswahili husema mambo haya kwa kitenzi. Babu huvua. Shangazi hufuma. Jirani akitoka kazini hupanda baiskeli hadi Kigamboni na kurudi. Ile hu- peke yake imeshabeba mazoea, hiari na raha yote uliyotaka kuitaja. Na ukitaka nomino kwa nguvu, unayo mtu wa: huyu ni mtu wa mpira, yule ni mtu wa bahari, mama yule ni mtu wa ngoma, ukimkosa nyumbani mtafute inakolia. Kuna mpenzi wa: mpenzi wa taarabu, mpenzi wa riwaya. Haya hayajatungwa na kamati yoyote; yanasemwa barazani kila jioni.

Majina ya raha yenyewe tunayo ya kutosha, na karibu yote yametoka Uarabuni yakiwa na hadithi nzuri. Burudani ni ndugu wa baridi: kuburudika ni kupoa, na mtu wa pwani mwenye jua la saa saba kichwani hahitaji kufafanuliwa kwa nini ubaridi ni raha. Starehe na raha ni mzizi mmoja, kupumzika. Tafrija na faraja ni mzizi mmoja, kuondokewa na dhiki. Anasa zamani ilikuwa kukaa na watu unaozoeana nao. Starehe na anasa zimeharibiwa na marafiki. Ukimwita mtu leo "mtu wa starehe" umemsengenya. Nasikitika, ila hayo ndiyo maisha ya maneno. Vijana wa Dar nao wanakula bata, wa Nairobi wanaponda raha, na hao siwagusi, kwa sababu wanajua wanachokisema na mwenzao anajua anachosikia.

Sasa nije kwenye neno lako la mwisho, ambalo limeniuma kuliko uraibu. Umesema utotoni mlikuwa na neno moja, kucheza, na sasa mtu mzima huna. Nani amekunyang'anya?

Nimeona watu wakilionea haya neno hili. Mtu wa miaka arobaini hasemi tena "nacheza mpira". Anasema "nafanya mazoezi ya mpira wa miguu", utadhani amesajiliwa. Tumelisikia mno kwenye makaripio, "acha mchezo," "unafanya mchezo wewe," hata tukaamini kucheza ni kazi ya watoto, na mkubwa atafutiwe neno lenye suti. Lakini sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyosema. Mtoto wa Tanzania hucheza mdako: anachimba kishimo, anajaza kokoto, anarusha moja juu, anazikomba nyingine kabla hajaidaka ile iliyo hewani, na jina la mchezo limo humohumo kwenye kudaka. Hucheza kombolela, na ndani yake unalisikia komboa, kwa sababu aliyejificha vizuri anaweza kutoka mbio akawakomboa wenzake waliokwisha kushikwa. Hucheza rede, hucheza gololi. Kisha anakua, anaoa, anaota mvi, na kitenzi kinamfuata kilekile: anacheza karata, anacheza dhumna, anacheza ngoma. Pemba, mwanamume anapomkabili fahali uwanjani watu wanapiga kelele, jambo hilo huitwa mchezo wa ng'ombe, na aliyesimama mbele ya pembe zile si mtoto.

Kina mama wa mitaa ya Dar wanapoaminiana fedha, kila wiki wote wanachanga na mmoja anapokea, na kijumbe, yule mkusanyaji, anazungushia wote, huitwaje? Wanacheza mchezo. Ada ya shule imo humo, kodi ya nyumba imo humo, na hakuna anayeona neno limeshusha hadhi ya fedha.

Tazama bao. Kaa siku moja pembeni mwa wazee wawili, usiseme kitu. Ubao una safu 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Kete ni 64, mbegu za komwe za kijivu zilizolainika kwa vidole, kila mmoja ana 32. Wanaanza kwa kuweka 10 tu ubaoni, 6 ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. 22 zilizobaki zimo mkononi, zitaingia moja moja wakati wa kunamua, hatua ya kwanza ya mchezo. Mzee anaingiza kete, anakula, anazisambaza upande wake, shimo kwa shimo, sauti yake kama mvua inayoanza kwenye makuti. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, imelala, zamu ya mwenzake. Zikiisha za mkononi, wanaingia mtaji, hatua ya pili, na hapo ndipo utaona mtu akitazama ubao dakika nzima bila kupepesa, anahesabu mizunguko kichwani ambayo mimi na wewe tungehitaji karatasi. Aliyebobea huitwa fundi, cheo kilekile cha mjenzi na seremala. Na ukimuuliza fundi huyo anafanya nini, atakujibu bila kuinua macho: "Nacheza."

Hatasema uraibu wake ni bao. Ila mkewe, akishatuma mtoto mara tatu kumwita chakula na mtoto kurudi peke yake mara tatu, na hiyo ni siku ya nne mfululizo, huyo ana haki ya kulitumia neno uraibu. Maana kufikia hapo si yeye anayelicheza bao. Bao ndilo linalomcheza. Mpaka wa maneno haya mawili uko hapo hapo, na mke wa mcheza bao anaujua kuliko fomu yoyote.

Hobi je? Wengi huku Tanzania husema "hobi yangu". Silipendi, linasikika kama kitu kilichonunuliwa kwa mkopo. Lakini halimdhuru mtu, halimwingizi mtu kwenye orodha ya wagonjwa, na limekubali kukaa na -angu na -ako bila ugomvi. Mwanafunzi akiniandikia hobi, namwachia. Akiniandikia uraibu wa kuogelea, nachora mstari mwekundu, na nitaendelea kuuchora.

Kwa hiyo siku nyingine wakisema ujitambulishe, sema hivi: "Mimi ni mtu wa maji. Jumamosi huogelea, na usiku nisipokuwa nimechoka husoma riwaya." Na kama bado unatamani bano, huku huitwa gololi. Ukienda dukani uliza kwa jina hilo.