Dirisha la plastiki limefubaa, turubai lina kuvu

Ndugu, kama nimekuelewa, gari lako ni la paa la turubai linalokunjwa, dirisha lake la nyuma la plastiki limefubaa kwa ukungu wa manjano, na paa lina madoa ya kijani ya kuvu kwenye mishono.

Anza na dirisha, ndilo linaloharibika upesi. Usilifute likiwa kavu hata siku moja. Vumbi lililo juu yake ni msasa tosha. Limwagie maji mengi, kisha pitisha kitambaa laini chenye sabuni isiyo kali. Dawa za vioo zenye amonia ziache kabisa, zinaifubaza plastiki. Ukungu mwepesi hupungua kwa polishi ya plastiki, ila manjano yaliyozama kwa sababu ya jua hayatoki, sikufichi.

Tena usikunje paa kukiwa na baridi kali: plastiki hukakamaa, ikikunjwa inapasuka. Kama dirisha lina zipu, mfano Mazda MX-5 za mwanzo, fungua zipu ulilaze kabla ya kushusha paa.

Turubai lisugue kwa brashi laini, lisuuze mpaka povu liishe, na likauke kabisa kabla ya kulikunja, la sivyo kuvu itarudi. Halafu paka dawa ya kuzuia maji, ila hakikisha inafaa paa lako, liwe la kitambaa au la vinili, yaani plastiki laini.

Ukiona ufa au mshono umeachia, gundi haitakusaidia. Nenda kwa fundi wa kushona mapaa ya magari. Mara nyingi hubadilisha dirisha peke yake. Na maji yakiingia ndani, kagua kwanza mifereji ya kutolea maji. Ikizibwa na majani, paa husingiziwa bure.